Upasuaji wa matundu madogo tumboni: Faida, madhara na dalili za kukurudisha hospitali haraka

Vidonda ni vitatu au vinne, kila kimoja kina urefu wa nusu sentimita hadi sentimita moja hivi. Mgonjwa anaruhusiwa kesho yake au keshokutwa, na wiki haijaisha majirani wanamuona anatembea mtaani. Ndiyo maana wengi wanauita "upasuaji mdogo".

Lakini kilicho kidogo ni tundu tu. Ndani ya tumbo kazi ni ileile, na ikitokea hitilafu, hatari nayo ni ileile.

Kwa mkazi wa Sombetini hili lina uzito wake. Aliyefunguliwa tumbo lote hulala wodini siku kadhaa, manesi wakimwangalia. Aliyepasuliwa kwa matundu anaweza kuwa tayari yuko nyumbani siku ile tatizo lililojificha linapoanza kujitokeza. Uangalizi unabaki kwake na kwa wanaomuuguza.

Unafanyikaje?

Mgonjwa hulazwa usingizi kwa nusu kaputi. Daktari hutoboa tundu la kwanza, mara nyingi karibu na kitovu, kisha hujaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi ili apate nafasi ya kufanyia kazi. Kamera nyembamba huingizwa na picha huonekana kwenye skrini. Vifaa vingine vinapita kwenye matundu yaliyobaki.

Njia hii hutumika kutoa mfuko wa nyongo wenye mawe, kidole tumbo, uvimbe kwenye ovari, mimba iliyotunga nje ya kizazi, na kurekebisha ngiri.

Waanzilishi wawili wakubwa walikuwa Wajerumani: Kurt Semm alitoa kidole tumbo kwa njia hii mwaka 1980, na Erich Mühe akatoa mfuko wa nyongo mwaka 1985. Kanda ya Kaskazini, Hospitali ya KCMC mjini Moshi, kama kilomita 80 kutoka Arusha, ilishirikiana na madaktari wa Northumbria, Uingereza, katika kufundisha upasuaji huu.

Faida zake

- Maumivu ni machache baada ya upasuaji.
- Kidonda kutunga usaha ni nadra zaidi kuliko kwenye mshono mrefu.
- Ngiri kwenye kovu hutokea mara chache.
- Kulazwa ni kwa muda mfupi, na kazi nyepesi wengi huzirudia ndani ya wiki moja hadi mbili.

Kwa anayeuza mboga soko la Mbauda, wiki mbili badala ya mwezi na zaidi ni mtaji uliookolewa. Ila kukaa kwenye meza ya biashara ni jambo moja, na kubeba gunia au ndoo ya lita 20 ni jambo lingine. Mizigo mizito kwa kawaida husubiri wiki nne hadi sita, au kadiri daktari atakavyoelekeza.

Yasiyotisha

Maumivu ya bega huwashtua wengi: kapasuliwa tumbo, mbona bega linauma? Sababu ni gesi inayosumbua kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Neva za kiwambo hicho na za bega zinatoka eneo moja shingoni. Huisha ndani ya siku chache. Kichefuchefu siku ya kwanza, tumbo kujaa kidogo na michubuko kuzunguka matundu pia ni kawaida.

Madhara makubwa

*Utumbo kutoboka.* Ni nadra, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, lakini unaweza kuua. Wakati mwingine utumbo huunguzwa kidogo na kifaa cha umeme bila kuonekana, kisha sehemu hiyo hutoboka siku kadhaa baadaye.

*Mrija wa nyongo kujeruhiwa.* Wakati wa kutoa mfuko wa nyongo, hutokea kwa wagonjwa takriban 3 hadi 5 kati ya 1,000. Nyongo huvuja tumboni, au mgonjwa huanza kuwa na macho ya manjano.

*Kuvuja damu.* Tundu la kwanza ndilo lenye hatari zaidi, maana linatobolewa kabla kamera haijaingia.

*Jipu ndani ya tumbo.* Huonekana zaidi kwa waliofika hospitali kidole tumbo kikiwa kimeshapasuka.

*Maambukizi ya kuchelewa.* Tundu linapona, halafu wiki kadhaa baadaye linavimba na kutoa majimaji yasiyokoma kwa dawa za kawaida. Mara nyingi chanzo ni bakteria wa kwenye maji waliobaki kwenye vifaa visivyotakaswa vizuri. Hutakiwa kupimwa maabara na kupewa tiba maalumu.

Wakati mwingine daktari anaanza na matundu kisha analazimika kufungua tumbo. Huko si kufeli. Akikuta damu nyingi au viungo vimegandamana, kufungua ndiyo njia salama.

Rudi hospitali ukiona haya

Kanuni ni moja: kila siku iwe na nafuu kuliko jana. Maumivu yakianza kupanda badala ya kushuka, usisubiri kuche. Dalili nyingine ni:

- tumbo kuvimba au kuwa gumu
- kutapika mfululizo, au kushindwa kutoa haja na hewa
- tundu moja kuuma kuliko mengine yote
- homa, kutetemeka, moyo kwenda mbio au kuishiwa nguvu
- macho ya manjano au mkojo mweusi
- usaha au damu kwenye tundu

Homa isiwe kigezo pekee. Utumbo ukitoboka baada ya upasuaji huu, homa inaweza isiwepo mwanzoni, na wengine hupata tumbo kujaa na kuharisha tu.

Kosa linalogharimu ni kupitia duka la dawa kwanza. Vidonge vya maumivu huficha dalili, na antibiotiki haizibi tundu la utumbo.

Kama ulipasuliwa Moshi na hali imebadilika usiku, anzia hospitali kubwa iliyo karibu, kama Mount Meru. Beba karatasi ya kuruhusiwa na sema mapema: nilipasuliwa nini, lini na wapi. Vidonda vidogo vinaweza kumfanya anayekupokea asijue ukubwa wa ulichofanyiwa.

Uliza kabla ya kusaini

Daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi? Ikibidi kufungua tumbo, gharama zitabadilikaje, na bima inalipia? Namba gani ya kupiga usiku? Na nyumbani, nani atalala karibu na mgonjwa siku tano za kwanza, na usafiri utatoka wapi saa nane za usiku?