PUMZI, MIDOMO NA SIKIO
Kipimo cha ugumu katika muziki wa pembe



Neno jubilei lenyewe ni mtoto wa pembe. Latoka katika neno la Kiebrania yobel, maana yake kondoo dume na pembe yake, iliyopulizwa kutangaza mwaka wa 50. Basi yafaa tuulize: wimbo wa kupuliza huwa mgumu kwa sababu gani?

Wazungu hupima kwa karatasi. Huko London lipo shirika la mitihani ya muziki, lililoundwa mwaka 1889, linalowapanga wanafunzi katika madaraja 8. Wapimaji hutazama sauti zapanda na kushuka kadiri gani, mwendo ni wa haraka gani, na pumzi yadumu muda gani. Lakini hata kipimo hicho hufuata chombo. Tarumbeta ya zamani haikuwa na vifungo vya kufinya kwa vidole. Midomo peke yake ilichagua sauti. Huko juu sauti zakaribiana sana, na mdomo ukikosea kidogo, yatoka nyingine. Stölzel na Blühmel walipoandikisha vifungo vyao Berlin mwaka 1818, nyimbo zilizowashinda hata mafundi zikaanza kuwa kazi ya wanafunzi.

Sasa tuvuke ziwa letu. Huko Bunyoro, ambako lugha yao ni ndugu ya lugha ya Bahema wa huku, wapigaji wa mfalme hupuliza makondere, pembe ndefu za vibuyu vilivyounganishwa. Kila pembe ina sauti yake moja. Waalur nao wana agwara zao. Kwa kipimo cha karatasi, mpigaji wa sauti moja angebaki daraja la chini kabisa. Kumbe wimbo mzima umegawanywa kati yao: kila mmoja huingia katika nafasi aliyoiacha mwenzake. Akichelewa kidogo tu, wimbo wapasuka. Ugumu hauko vidoleni, uko katika kusikiliza na kungoja.

Ugumu wa namna hiyo hautunzwi kabatini. Mwaka 1967 serikali ya Uganda ilifuta falme, na wapigaji wakakosa baraza lao. Bunyoro ilimtawaza tena mfalme mwaka 1994. Karatasi hungoja miaka 27 bila kuharibika. Sikio la mzee halingoji.

Enyi vijana wa fanfari, jifunzeni kusoma noti. Lakini ketini pia karibu na wazee, kusudi pengo la mmoja lisiwe mwisho wa wimbo wa wote.