Mashine ya kukatia: ilitoka wapi, na ufunguo wake anao nani?

Tunaandika kutoka Nakivale.

Wengi mnajua tumekusanya pesa ya mashine ya kukatia. Ni shilingi 1,400,000 za Uganda: michango ya kila Jumapili kwa miezi kumi na moja, kadi za harusi tulizouza, na zile tisheti za timu ya mpira. Tulidhani kazi ngumu imeisha. Kumbe kazi ngumu ilikuwa kuchagua. Tumebishana wiki tatu, wengine wanataka ile wanayoiona kwenye video, wengine wanataka ya bei rahisi, mpaka dada mmoja akasema: jamani, kwanza tujue hivi vitu vilitoka wapi. Basi tukagawana kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwa ambaye hajaiona, mashine hii inafanana na printa ndogo, ila mahali pa wino kuna kisu. Karatasi au stika inabandikwa juu ya mkeka wenye gundi, magurudumu yanausukuma mbele na nyuma, na kisu kinatembea kushoto na kulia. Ncha ya kisu haiko katikati kabisa, imesogezwa pembeni kidogo, ndiyo maana inajigeuza yenyewe kufuata mstari, kama magurudumu ya kiti cha ofisi yanavyojigeuza ukikisukuma. Unachora ua kwenye kompyuta, mashine inakata ua. Kadi, stika za pikipiki, maandishi ya tisheti, stensili za kuandikia ukuta wa shule, yote inaweza.

Sasa historia. Wengi tulifikiri itaanza na mama wa Marekani anayetengeneza albamu ya picha. Tukaikuta inaanza na kijana mkimbizi.

Anaitwa Joseph Gerber. Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1924, katika familia ya Kiyahudi. Wanazi waliichukua Austria mwaka 1938, yeye akiwa na miaka kumi na minne hivi. Mwaka 1940 alifika Marekani pamoja na mama yake, wakaishi Hartford katika jimbo la Connecticut. Lugha mpya, shule mpya, pesa hakuna. Hapo wengine wetu tuliacha kusoma kidogo, tukaangaliana.

Akiwa mwanafunzi wa uhandisi wa ndege, Gerber alichoka na hesabu ndefu za kusoma mistari ya grafu. Akachukua mpira wa kiunoni wa pajama yake, akauwekea alama zilizo sawasawa, akauvuta juu ya mchoro. Ukiuvuta, alama zote zinaachana kwa kipimo kilekile, kwa hiyo unaweza kupima mchoro wa ukubwa wowote. Kutokana na pajama ile kikatoka kifaa cha kupimia, na kutokana na kifaa ikatoka kampuni, mwaka 1948. Tunaomba mlikumbuke hilo siku mtu akiwaambia hamna vifaa.

Kampuni yake iliendelea na mashine za kuchora zinazoongozwa na kompyuta, halafu mwaka 1969 ikatoa mashine ya kukata vitambaa, GERBERcutter. Tatizo lililokuwapo ni hili: viwanda vya nguo vinapanga kitambaa tabaka nyingi, na fundi anakata kwa mkono. Kitambaa ni laini, kinakimbia. Gerber alikilaza juu ya kitanda cha brashi, akakifunika kwa plastiki, akanyonya hewa kutoka chini mpaka tabaka zote zikagandamana kama kitu kigumu. Kisu kikashuka kikipanda na kushuka, ncha yake ikipenya kwenye nywele za brashi bila kuharibika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni hiyohiyo ikaleta mashine ya kukata herufi za vinili kwa ajili ya mabango. Hiyo ndiyo bibi wa mashine tunayotaka kununua. Mwaka 1994 Gerber alipewa Medali ya Taifa ya Teknolojia ya Marekani, na miaka miwili baadaye akafariki.

Tulipofika hapo, kaka yetu anayekata stensili kwa wembe kwenye filamu za zamani za eksirei aliuliza swali moja tu: na wale mafundi waliokuwa wanakata vitambaa kwa mkono, walienda wapi? Hatukumjibu vizuri. Wengine walifundishwa mashine, wengine hawakuitwa tena. Yeye ndiye aliyeandika majina ya nusu ya maduka ya barabara yetu, na swali lake limekaa kwenye meza mpaka leo. Tutalirudia.

Baada ya Gerber, kazi ilipanuka haraka. Kampuni za Japani kama Roland na Graphtec zilitengeneza mashine ndogo zaidi za mabango. Hewlett-Packard walikuwa tayari na lugha ya kuongoza mashine za kuchora, HP-GL, yenye amri fupi: PU, inua kalamu, PD, shusha kalamu. Badilisha kalamu kwa kisu na lugha inabaki ileile. Mashine nyingi za bei nafuu za Kichina, zile mnazoziona kwenye vibanda vya Nasser Road kule Kampala, bado zinaielewa lugha hiyo. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, maana lugha iliyo wazi inakuruhusu utumie programu yoyote unayopata.

Nyumbani mashine iliingia kupitia albamu. Utah, Marekani, watu wana desturi kubwa ya kutunza kumbukumbu za familia, na kampuni ya huko, Provo Craft, ilileta Cricut karibu mwaka 2006. Haikuhitaji kompyuta. Unachomeka katriji, kama kaseti ya mchezo, na ndani yake kuna herufi na picha. Ukitaka picha nyingine, nunua katriji nyingine. Ujanja wa biashara mnauona.

Halafu watu wakataka kukata michoro yao wenyewe. Kampuni mbili ndogo zikatengeneza programu za kuwasaidia, Make the Cut na Sure Cuts A Lot. Provo Craft ikazipeleka mahakamani, na kufikia mwaka 2011 zote mbili zilikuwa zimekubali kuacha kuihudumia Cricut. Baadaye Cricut yenyewe iliachana na katriji, ikaweka kila kitu kwenye programu yake, Design Space. Mashine ya Explore ilikuja 2014, Maker ikaja 2017. Machi 2021 wakatangaza kwamba asiyelipia kila mwezi ataruhusiwa kupakia michoro yake 20 tu kwa mwezi. Watu waliokwisha kununua mashine kwa pesa zao walipiga kelele kweli kweli, na mwezi uleule kampuni ikarudi nyuma.

Hatusemi hiyo ni mashine mbaya. Inakata vizuri, na Maker ina nguvu ya kukata hata ngozi. Lakini soma hadithi hiyo ukiwa hapa, ambapo bando linaisha Jumatano na mtandao unaondoka na mvua. Mashine mpya lazima uisajili kwa intaneti kabla haijakata hata karatasi moja. Ufunguo uko mbali.

Kwa hiyo tulibaki na njia tatu. Silhouette Cameo, iliyotoka 2011 na inayohusiana na Graphtec, ina programu unayopakua mara moja kisha unafanya kazi bila intaneti. Toleo la bure halifungui faili za SVG, lakini ukihifadhi kama DXF kwenye Inkscape, ambayo ni bure, inafungua. Ya pili ni ScanNCut ya Brother, ya 2013. Ina skana ndani: unachora kwa mkono, unaiingiza, inakata mstari wako, kompyuta haina kazi. Hiyo ilitugusa kwa sababu ya kaka wa wembe, ila bei yake ilitushinda. Ya tatu ni ile ya Kichina, kubwa, imara, visu vyake vinapatikana Kampala. Ila ni ndefu kama mtu aliyelala, na chumba chetu mnakijua.

Tulipiga kura Jumamosi. Cameo kumi na mbili, ya Kichina saba. Wale saba wana hoja, hatufichi: siku ikiharibika, fundi wa Cameo atatoka wapi? Kwa hiyo hatutamaliza pesa yote. Tunaacha ya visu viwili vya akiba na mkeka wa pili. Na nyinyi wa mashirika, mkitaka kutusaidia, msitununulie mashine nyingine. Tuleteeni vinili na visu, maana mashine nyingi za msaada tumeziona zimekufa kwa kukosa kitu cha shilingi elfu ishirini. Kabla ya kulipa, angalieni pia adapta: iwe imeandikwa 100–240V, ndipo itakubali umeme wa hapa na inveta ya sola.

Kuhusu kaka yetu: tumekubaliana michoro ya stensili ataichora yeye kwa mkono, tuipige picha kwa simu, programu ifuate mistari yake, na kila stensili itakayouzwa yeye anapata nusu. Ameitikia, lakini wembe hajauweka chini. Anasema herufi kubwa za ukutani, zile za mita nzima, mashine ya sentimita thelathini haiziwezi. Tumepima. Ni kweli.