Roger Whittaker na Nchi Aliyoiimba

Yako majina ya watu waliozaliwa katika nchi yetu ambayo hayamo katika vitabu vyetu vya historia, lakini yalipata kujulikana na mamilioni ya watu katika nchi za mbali. Jina moja miongoni mwa hayo ni la Roger Whittaker, Mwingereza mzaliwa wa Nairobi, mwimbaji na mtungaji wa nyimbo. Huenda wewe msomaji hujapata kulisikia. Waulize wazee waliokuwa na santuri nyumbani mwao katika miaka ya 1970. Wengine watatabasamu, na pengine mmoja atajaribu kupiga mbinja. Katika nyimbo za mtu huyu umo mmoja usemao kwamba Kenya ni nchi yake. Dai kama hilo si jambo dogo kwetu, maana damu ilimwagika hapa kwa ajili ya kuamua nchi hii ni ya nani. Basi sitaki ulikubali wala ulikatae upesi. Nataka kwanza uyajue maisha ya aliyelitoa.

Alizaliwa tarehe 22 Machi 1936. Wazazi wake walitoka Staffordshire, katikati ya Uingereza, ambako walikuwa na duka la vyakula. Baba aliumia katika ajali ya pikipiki, na kwa ajili ya afya yake wakahamia Kenya wapate hewa ya joto. Hawakuja, basi, kama wale mabwana wakubwa waliogawiwa maelfu ya ekari. Hata hivyo, katika Kenya ya zamani zile rangi ya ngozi ya mtu ilimfungulia milango kabla hajabisha hodi, na milango iliyofunguka kwa mtoto huyu ilikuwa imefungwa mbele ya watoto wengi waliozaliwa Nairobi mwaka uleule.

Muziki aliukuta nyumbani. Babu yake alikuwa mwimbaji wa vilabuni huko Uingereza, na baba yake alipiga fidla. Gitaa lake la kwanza lilitengenezwa na mateka wa vita, Mwitaliano. Jambo hili lisikushangaze, kwa kuwa katika Vita Kuu ya Pili Waingereza walileta Kenya maelfu ya mateka wa Kiitaliano, nao wakafanyishwa kazi nyingi. Ukiteremka bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu, unapita juu ya kazi ya mikono yao, na kando ya barabara utaliona kanisa dogo walilolijenga. Whittaker mwenyewe alipokuwa mtu mzima alisema kwamba kitu kilichomwingia zaidi katika muziki ni milio ya ngoma za Waafrika aliyoisikia usiku akiwa mtoto. Ukizisikiliza sahani zake hutaisikia ngoma hiyo kwa urahisi. Nyingi ni nyimbo za taratibu, za sauti nzito na vyombo vya Kizungu. Lakini mtu hupokea mengi utotoni ambayo hayaonekani wazi katika kazi yake.

Alisoma katika Prince of Wales School, ambayo leo ni Nairobi School. Shule hiyo ilikuwa ya wavulana wa Kizungu peke yao. Mvulana Mwafrika mwenye akili, kama alibahatika, alikwenda Alliance huko Kikuyu, si mwendo mrefu kutoka hapo. Na vijana hao wawili waliweza kumaliza masomo bila ya kukaa darasani pamoja hata siku moja. Msomaji aliye mwanafunzi wa Nairobi School leo na atazame jengo lile kuu la zamani, akijua kwamba halikujengwa kwa ajili yake.

Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Vijana wa Kizungu waliomaliza shule walitakiwa kwa lazima kutumika jeshini, na Whittaker akatumika miaka miwili katika Kenya Regiment, jeshi la walowezi, katika misitu ya Aberdare, ambayo ndiyo Nyandarua. Adui aliyepelekwa kumwinda huko ni wale tunaowaita leo wapigania uhuru: watu wa Mau Mau, waliolala juu ya majani na kula walichokipata, wakidai ardhi na uhuru. Whittaker alipata kusema kwamba kabla ya hapo alikuwa kijana mpumbavu, mwenye kujipenda na mwenye hasira, na kwamba jeshi ndilo lililomfanya kuwa mtu. Siamini kwamba alidanganya. Lakini kwa kijana wa upande wa pili wa msitu miaka ileile ilileta mambo mengine. Katika Hali ya Hatari zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama, na maelfu kwa maelfu wakafungwa katika kambi bila ya hukumu yo yote. Serikali ya Uingereza ilichelewa sana kulikiri hilo: ni mwezi wa Juni 2013 ilipokubali hadharani kwamba watu waliteswa, na kuahidi malipo kwa wazee 5,228.

Alipotoka jeshini mwaka 1956 alikwenda Chuo Kikuu cha Cape Town kusomea udaktari. Hakustahimili, baada ya mwaka mmoja na nusu aliacha, akarudi Kenya akawa mwalimu, kazi ambayo mama yake alikuwa ameifanya kabla yake. Usiku aliimba katika kilabu cha Equator, Nairobi. Sisi walimu tunajua kwamba mshahara wetu mara nyingi hutafutiwa mwenziwe, kwa hiyo hatutamlaumu. Mwezi wa Septemba 1959 alisafiri kwenda Bangor, mji wa pwani katika Wales, kusoma elimu ya wanyama, ya viumbe wa baharini, na ya kemia ya viumbe, akikusudia kuwa mwalimu bora zaidi. Digrii aliipata. Lakini huko chuoni aliimba pia, na wanafunzi wenzake wakatoa sahani ya nyimbo zake ili kukusanya fedha za msaada. Mwaka 1962 kampuni ya Fontana ikatoa sahani yake ya kwanza ya biashara, na darasani hakurudi tena.

Umaarufu haukuja mara moja. Kwa miaka kadhaa aliimba katika vilabu na katika televisheni ya Ireland ya Kaskazini, na mwaka 1967 alikuwa katika kundi la Waingereza walioshinda mashindano ya uimbaji ya Knokke, Ubelgiji. Watu wa Bara la Ulaya hawakumpendea maneno yake, maana wengi hawakuyaelewa, walimpendea mbinja. Alikuwa na ubinja safi kama zumari, na huo ukavuka mipaka kabla ya lugha yake.

Mwaka 1969 ukatoka wimbo alioutunga mwenyewe, uitwao "Durham Town", na Waingereza wakaununua kwa wingi. Hapa nataka utazame kwa makini. Anayesema katika wimbo huo ni mtu aliyekulia kaskazini ya Uingereza, ambaye baba yake aliondoka nyumbani mwaka 1944, na ambaye utotoni alikaa kando ya mto Tyne akitazama meli. Ukitaka kuyaandika maisha ya Whittaker kwa kuufuata wimbo huu, utapotea kabisa. Mwaka 1944 alikuwa mtoto wa miaka minane, nchini Kenya. Tena mji wa Durham hauko kando ya mto Tyne. Uko kando ya mto Wear, na mto Tyne hupita Newcastle. Mwalimu wa jiografia angempigia mstari mwekundu. Wanunuzi hawakujali. "Mimi" wa wimbo si lazima awe mwimbaji, kama vile "mimi" wa shairi si lazima awe mshairi, na kila anayetafuta historia katika nyimbo hana budi kuanza na swali hilo: nani anasema hapa?

Swali hilo linahitajika zaidi katika wimbo wake mkubwa kuliko yote, "The Last Farewell", na kisa chake chastahili kuelezwa kwa kirefu. Whittaker alikuwa na kipindi katika redio ya Uingereza, akiimba pamoja na okestra, akawaalika wasikilizaji wamletee mashairi ili yeye ayatungie sauti. Yakaja mengi. Moja liliandikwa na Ron Webster, mfua fedha wa Birmingham, mji wa viwanda ulio mbali na bahari. Ni maneno ya mtu aliyemo bandarini, meli yake tayari, vita vinamwita, naye anamwaga mwanamke ampendaye katika nchi ya jua ili arudi Uingereza yenye ukungu. Tafakari jambo hili. Fundi wa Birmingham aliiwaza nchi ya jua, na aliyeziimba fikira zake ni mtu aliyezaliwa katika nchi ya jua kwa kweli, akaiacha, akaenda kwenye ukungu. Sidhani kwamba fundi alimkusudia Whittaker; lakini sauti ya Whittaker iliyakuta maneno hayo yakiwa kama yanamngoja.

Wimbo ulitoka mwaka 1971 ndani ya sahani ndefu, na kwa miaka minne haukutikisa kitu. Yasimuliwa kwamba mke wa msimamizi wa vipindi katika kituo kimoja cha redio cha Atlanta, Marekani, aliusikia alipokuwa safarini Kanada, akamsihi mumewe autafute na kuupiga. Mume akaupiga, wasikilizaji wakauliza, vituo vingine vikafuata. Mwaka 1975 ukafika nafasi ya 19 Marekani na ya pili Uingereza, na katika nchi nyingine kadhaa ukashika nafasi ya kwanza. Yakisiwa kwamba sahani zake zilizouzwa zapita milioni 11. Elvis Presley mwenyewe aliuimba mwaka uliofuata. Na kwa kuwa sheria humtambua mwenye maneno sawasawa na mwenye sauti, jina la mfua fedha lilibaki juu ya wimbo pamoja na la mwimbaji. Nalitaja hili makusudi, kwa maana wako watungaji wa Afrika ya Mashariki wa siku zilezile ambao nyimbo zao zilizunguka dunia na wao wakabaki mikono mitupu.

Baada ya hapo alisafiri kila mahali. Katika Ujerumani alipendwa mno, akatoa sahani nyingi kwa Kijerumani ingawa lugha hiyo hakuijua. Aliandikiwa maneno kwa jinsi yanavyotamkwa, akayaimba hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alirudi Kenya kutengeneza filamu ya nyimbo juu ya nchi hii, na humo mna ule wimbo niliokutajia, "My Land Is Kenya". Kiitikio chake chaisifu nchi kwa ujoto wake, kwa mapori yake na kwa uhuru wake. Neno hilo la mwisho ndilo linalonikwaza. Nikiwauliza wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu, hugawanyika mara moja. Wengine husema mtu ni wa pale alipozikwa kitovu chake. Wengine husema uhuru hauwezi kuimbwa na aliyebeba bunduki dhidi ya wenye kuudai. Mimi nasema hivi: mapenzi yake kwa nchi hii siyatilii shaka, kwa kuwa mtu hawezi kuyaigiza maisha yake yote, tena mbele ya wageni wasiomwuliza. Lakini nchi anayoipenda katika wimbo huo ina milima, jua na wanyama kuliko ilivyo na watu, na Nyandarua ya mwaka 1955 haimo katika kiitikio kile. Kijana aliyekua ndani ya ua wa walowezi aliiona nchi nzuri kupita kiasi. Ua wenyewe hakuuona, au aliuona akauzoea. Nchi aliyoiimba ilikuwako. Haikuwa Kenya yote.

Wazazi wake walikuwa wamebaki Nairobi hata baada ya Uhuru. Mwaka 1989 majambazi waliwavamia nyumbani kwao, wakamwua baba na kumtesa mama kwa saa nyingi. Mama akarudi Uingereza. Wako watu ambao msiba kama huo ungewatosha kuilaani nchi na wote waliomo, na hapana mtu ambaye angewashangaa. Whittaker alisema kwamba jambo hilo litakuwa naye maisha yake yote, lakini aliamini kwamba yatupasa kuishi bila ya chuki tukiweza. Kila nirudiapo kuyasoma maneno hayo huliona lile neno dogo la "tukiweza", nalo kwangu lina uzito kuliko kiitikio chake chote juu ya Kenya. Mwaka 1955 alikuwa askari katika vita vya watu waliochukiana; mwaka 1989 alikuwa mwana wa baba aliyeuawa; na baina ya miaka hiyo alikuwa amejifunza kitu ambacho jeshi halikumfundisha.

Aliendelea kuimba mpaka uzeeni, hasa kwa Wajerumani, ambao hawakumchoka. Baadaye alistaafu, na miaka yake ya mwisho aliishi Ufaransa. Huko ndiko alikofariki tarehe 13 Septemba 2023, akiwa na umri wa miaka 87. Katika miaka hiyo, ile aliyoishi Kenya haikufika 24, nayo ndiyo ilikuwa ya kwanza.