Daftari la Paroko, Makere

Fika ofisi ya parokia yoyote kongwe ya Buha, nchi ya Waha huku Kigoma, ukitaka cheti cha ubatizo, na swali la kwanza litakuwa: mwaka gani? Si mwaka wa kuzaliwa, ambao wazee wengi wa Kasulu na Kibondo huukadiria tu, bali mwaka wa kubatizwa. Ukiutaja, linatolewa kabatini daftari refu la jalada gumu, kurasa zimekuwa rangi ya chai, na kidole kinaanza kushuka kwenye safu ya majina. Namba. Jina la ubatizo. Baba, mama, msimamizi. Padri aliyebatiza. Kisha, pembeni kabisa, nafasi iliyoachwa wazi.

Nafasi hiyo ndiyo hunivutia kuliko wino wote. Huko huandikwa yatakayompata mtu baadaye: kipaimara, ndoa na mahali ilipofungwa, au upadri kama aliupata. Mtoto akibatizwa Makere, huku Buha, na miaka ishirini baadaye akafunga ndoa mbali, Korogwe, paroko wa Korogwe anawajibika kupeleka taarifa Makere ili iandikwe pale pembeni. Kwa hiyo paroko anayejua kutunza daftari lake anajua watu wake wametawanyikia wapi.

Utaratibu huu una umri. Mtaguso wa Trento, uliofungwa mwaka 1563, ndio uliowaagiza maparoko wa Ulaya waandike ndoa na ubatizo vitabuni. Utaratibu huo ulitungwa kwa ajili ya watu waliozaliwa, wakalima na kuzikwa chini ya mnara mmoja wa kanisa. Buha haijawahi kuwa nchi ya namna hiyo, angalau tangu wakoloni waingie. Hapa watu huhamishwa.

Wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki upande huu wa Ziwa Tanganyika walikuwa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie. Msafara wao uliotoka Bagamoyo mwaka 1878 uligawanyika Tabora: wengine wakaelekea Buganda, wengine wakafika Ujiji Januari 1879. Ujiji ya siku hizo ilikuwa mji wa wafanyabiashara ya pembe na watumwa, na mapadri hawakupata nafasi ya kupumua. Wakasonga hadi Rumonge, katika Burundi ya leo. Tarehe 4 Mei 1881 mapadri wawili, Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao D'Hoop, waliuawa huko. Mwanzo mgumu, na ndiyo maana kwa miaka mingi nguvu za shirika zilikwenda Karema, kusini zaidi, kuliko kwenye milima ya Waha.

Lavigerie aliwaachia watu wake kanuni tatu ambazo mapadri wa leo wangetamani kuziweza. Wasikae chini ya watatu katika misheni moja. Wajifunze lugha ya wenyeji. Na waandike shajara ya misheni kila siku: mvua, magonjwa, ugomvi, nani kaja kuomba nini. Mtu mzima aliyetaka ubatizo aliwekwa kwenye mafundisho miaka minne, akivaa kwanza medali, baadaye rozari. Miaka minne! Leo tunalalamika semina ya ndoa ikizidi wiki mbili.

Mwaka 1946 Roma iliikata Kigoma kutoka vikarieti ya Tanganyika, iliyokuwa na makao Karema, ikamweka Mholanzi Joannes van Sambeek kuwa mkuu wake wa kwanza. Tarehe 25 Machi 1953 ikawa jimbo kamili. James Holmes-Siedle alishika uongozi mwaka 1958, na mwaka 1969 jimbo likampata askofu Mtanzania, Alphonse Daniel Nsabi, aliyeliongoza miaka 20. Aliyemfuata mwaka 1989, Paul Ruzoka, ni mzaliwa wa Kigoma. Hayo ya maaskofu yanapatikana vitabuni. Ya maparoko yamebaki kwenye shajara na kwenye vichwa vya wazee.

Nirudi kwenye kuhamishwa. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Waingereza iliwaondoa Waha wengi katika mapori yenye mbung'o, ikawakusanya kwenye makazi maalumu ili kupambana na malale. Pori lililobaki tupu likawa la wanyama. Baadaye mkonge ukawaita vijana: kuanzia mwaka 1944 SILABU, wakala wa wenye mashamba, iliwaandikisha mikataba na kuwapandisha treni kwenda Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, na huko mashambani neno "Muha" lilikuwa karibu jina la kazi. Padri aliyebaki kilimani alikuwa na kanisa la akina mama, wazee na watoto, na wanaume wake walikuwa Wakristo wa padri mwingine, maili mia kadhaa mbali.

Kisha mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma ya serikali. Watu walisombwa kutoka kwenye migomba yao hadi vijiji vilivyopangwa. Kigango kilichojengwa kwa tofali za udongo hakipandi lori. Katekista alihama na waumini, ukuta ukabaki na mbuzi, na paroko akaanza upya kupanga ratiba ya misa kwa vijiji ambavyo jana havikuwepo.

Mwaka huohuo wa 1972 Warundi walianza kuvuka mpaka wakikimbia mauaji ya kwao. Wengi walipelekwa mbali, Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wimbi la pili lilikuja baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikawaleta watu wa Uvira na Fizi kwa mitumbwi kuvuka Ziwa Tanganyika, na Novemba mwaka huo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa, katika kata ya Makere. Ilipangiwa watu 50,000. Warundi walipokimbia tena mwaka 2015, kambi ilipita watu 150,000.

Hapo ndipo swali la paroko linapokuwa gumu. Hawa ni watu wa nani?

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zina jibu, na sijui kama waliolitunga waliwahi kufikiria hema la plastiki. Kanuni ya 107 inasema kwamba hata mtu asiye na makao popote ana paroko wake: ni paroko wa mahali anapokuwepo kwa wakati huo. Kanuni ya 102 inaongeza kuwa mtu akikaa mahali miaka mitano kamili amekwishapata makazi ya kudumu pale. Mkongomani aliyeingia Nyarugusu mwishoni mwa 1996, serikali bado inamwita mkimbizi, asiyeruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Kanisa, tangu mwisho wa 2001, linamhesabu mkazi wa parokia kama Muha aliyezaliwa pale. Jumapili paroko anapotoa ile misa ambayo sheria inamdai aitoe kwa ajili ya watu wake, bila sadaka ya nia, mkimbizi yumo.

Lugha nayo ilisaidia. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo padri Muha anaweza kukaa kitini akamwungamisha bibi wa Makamba, Burundi, bila mkalimani. Kwa Wakongomani Kiswahili kilitosha, ingawa ni Kiswahili cha upande ule, kinachomwacha Mtanzania akitabasamu hapa na pale. Mzigo halisi ulikuwa kumbukumbu. Mtoto kabatizwa Fizi, kanisa liko vitani, cheti kimebaki ndani ya nyumba iliyochomwa. Inaruhusiwa kumpokea kwa ushuhuda wa mtu mmoja anayeaminika, au kwa kiapo cha mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Padri husikiliza, huuliza jina la msimamizi, huuliza kanisa lilielekea wapi, halafu huamua. Mimi naiona hii kuwa kazi nzito kuliko mahubiri yoyote, maana hakuna anayeishangilia.

Na sasa kurasa zinajaa kwa mwelekeo mwingine. Maelfu ya Wakongomani wa Nyarugusu wamehamishiwa Marekani. Warundi wamekuwa wakirudishwa kwao tangu Septemba 2017, na kambi yao ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Mtoto aliyebatizwa kambini akifunga ndoa Gitega, Burundi, au Kentucky, Marekani, sheria ni ileile ya Korogwe: taarifa irudi palipoandikwa jina lake.

Nyingi hazirudi. Barua hupotea, padri husahau, wenye ndoa hawajui kama kuna cha kurudisha. Basi wewe uliyebatizwa Makere, Kabanga, Kibondo au kambini, ukaoa au kuolewa mbali, mwulize paroko aliyekufungisha ndoa kama aliandika. Kama hakuandika, mwandikie mwenyewe paroko wa mahali ulipobatizwa: jina la ubatizo, jina la baba na mama, mwaka, na mahali ulipofunga ndoa.