Mbona Zote ni 'Ki, Ki, Ki'?

Ami yangu ana duka la ubani na manukato Mji wa Kale, Mombasa, hatua chache tu kutoka Ndia Kuu. Mwaka jana alinunua kompyuta ya mtumba ya kuwekea hesabu zake. Nami, kwa kiherehere cha mwalimu wa Kiswahili, nikaigeuza lugha yake ikawa Kiswahili kabla hata hajaniomba. Siku ya tatu akanipigia simu.

"Mwanangu, hebu njoo unirudishie Kizungu changu. Huku kila nikitazama ni ki, ki, ki. Cha kupigia hesabu ki wapi?"

Nilikwenda nikiwa tayari kumlaumu yeye. Nilipoketi mbele ya mashine nikaona ana haki. Upau wa programu, yaani ule mstari ukingoni mwa skrini tunaoubofya ili kufungua programu, ulikuwa na picha tano au sita tu. Zilizosalia zilikuwa kwenye orodha inayofunguka kutoka upau huohuo, nayo imepangwa kialfabeti. Kicheza muziki, Kihariri, Kikokotoo, Kivinjari: zote zimesongamana kwenye K kama abiria wa feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni. Nikajaribu kisanduku cha kutafutia. Nikaandika "kokotoa". Patupu. Nikaandika "hesabu". Patupu vilevile. Nikaandika "ki", zikaja zote.

Kiingereza hakina balaa hili kwa sababu kiambishi chake cha kuundia majina ya vitendea kazi hukaa mwishoni mwa neno. Chetu hutangulia.

Upau wenyewe ni mgeni wa juzi. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ndiyo iliyouzoesha umma mkubwa. Kila dirisha lililofunguliwa lilipata kitufe chenye jina, na madirisha yakizidi vitufe vilibanwa, majina yakakatwa mkia. Mwaka 2009 Windows 7 ikayaficha majina hayo, ikabakiza picha. Mwaka 2011 Ubuntu (neno lililo ndugu wa utu wetu, mzizi mmoja, kiambishi tofauti) ikausimamisha upau wima upande wa kushoto, skrini zikiwa zimeshakuwa pana kuliko kimo chake. Marekebisho yote haya yalihusu nafasi, picha na mahali. Ukikata mkia wa neno la Kiingereza, kichwa kinachobaki kinatambulika. Likate la Kiswahili uone: "Kik…", "Kih…", "Kiv…".

Wafasiri wetu siwalaumu hata kidogo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na istilahi nyingi za kompyuta zimezaliwa tangu hapo. Nyingine ni tamu kweli. Kuvinjari, kwa watu wa pwani, ni chombo kuranda baharini kikichunguza. Upau ni mti mwembamba wa kuezekea paa. Tatizo liko kwenye mpangilio, na mpangilio ni ugomvi wa zamani sana katika taaluma yetu.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapahapa Mombasa uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita chetu kikaachwa mlangoni (jambo ambalo wazee wa Mji wa Kale hawajalisamehe hadi leo). Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ilichapishwa mwaka 1939, yeye akiwa ameshafariki. Johnson aliyakusanya maneno chini ya kitenzi chake: ukitaka mwandishi, maandishi au mwandiko, nenda kwenye andika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, mwaka 1981, ikafuata njia nyingine: mwandishi yuko kwenye M, basi. Wanafunzi wangu huipenda ya TUKI, kwani kwa Johnson sharti uujue mzizi kwanza. Mgeni atapotea. Lakini ami yangu si mgeni. Mzizi anaujua tangu kunyonya. Asilolijua ni jina ambalo mfasiri aliliunda juu ya mzizi huo.

Kwa hiyo orodha na ibaki ya TUKI, ila kisanduku cha kutafutia kiwe cha Johnson. Na hili si ndoto. Katika kompyuta zinazotumia Linux, kama ile ya ami, kila programu huwa na faili dogo la maandishi linaloueleza upau jina lake, picha yake na maneno ya kusaidia utafutaji. Maneno hayo pia hufasiriwa, tena mfasiri anaweza kuweka mengi apendavyo. Mara nyingi huachwa matupu au kwa Kiingereza, labda kwa kuwa hayaonekani kwenye skrini.

Nililifungua faili la kikokotoo, nikaongeza: hesabu, kokotoa, jumlisha, toa, zidisha, gawanya. Kwenye la kihariri nikatia andika na barua. Kazi ya dakika kumi, kahawa ikiwemo.

Ami akaketi, akaandika "hesabu" kwa kidole kimoja. Kikokotoo kikatokea peke yake. Akanitazama, akaniambia Kizungu basi nikiache kwanza. Kivinjari bado hukiita "kile cha rangi rangi", nami nimeshaliandika neno rangi kwenye faili lake.