Ira Si Ndugu ya Hasira

Zamani nilitunga tarbia yenye bahari ya -ra, na chini yake nikaweka tanbihi kwa kujiamini: kwamba hasira yetu ni ndugu wa ira ya Kilatini, kwa kuwa zote mbili ni ghadhabu. Seneca alikwisha kuandika kitabu kizima juu ya ira katika karne ya 1. Nami nikajiona nimegundua njia ya merikebu kutoka Roma hadi Mombasa.

Merikebu hiyo haikuwapo. Hasira ilitoka katika Kiarabu, hasra, yaani majuto na huzuni ya moyo. Kwetu huzuni ile ikachemka ikawa ghadhabu. Irabu i iliyo katikati tuliipachika wenyewe, maana ulimi wetu haukupenda s na r zigusane. Basi -ira niliyoishangilia ilikuwa kazi ya mikono yetu. (Mwarabu akitusikia tukisema hasira, huenda akadhani twataja mkeka, kwani kwao jina la mkeka lakaribia mno sauti hiyo.)

Nikaanza kuifuatia ira kwingineko. Kwa Wamaori ni asili ya uhai, na siku hizi ndiyo jina la jeni. Kwa Wabasque ni kangaga. Kwa Wahuli wa Tari, katika nyanda za juu za Papua New Guinea, ira ni mti, hata ukuni. Kwa Wakikuyu ira ni jana. Tena kuna ira nyingine, chokaa nyeupe iliyopakwa watu katika sherehe za jadi. Ghadhabu, uhai, kangaga, mti, jana: nani atazisukia ukoo mmoja?

Hata hivyo ukoo upo, ila si pale masikio yanapouelekeza. Mti wa Wahuli una jamaa yake kwa jirani zao Waenga, wasemao ita. Na Kikuyu, ambacho ira yake haifanani hata chembe na jana yetu, ni ndugu yetu wa damu. Weka njĩra kando ya njia, mbura kando ya mvua, rĩra kando ya lia, ciara kando ya zaa. Penye r yao ya kati, sisi tumeidondosha sauti ya kale iliyokuwapo, na tumeidondosha mara kwa mara, kwa utaratibu. Utaratibu wa namna hii ndio alioufuata Carl Meinhof mwaka 1899 alipopanga sauti za lugha za Kibantu. Mfanano wa neno moja na jingine hauthibitishi kitu; mvua na mbura zinakubalika kwa sababu njia na njĩra nazo zimetoa ushahidi uleule.

Mshairi hutafuta sauti zinazolingana, na hadaiwi nasaba. Kosa langu lilikuwa kukitwika kina kazi ya historia. Tarbia nimeiacha ilivyo, kwani vina vyake vimesimama. Tanbihi nimeifuta.