Gombo lililosomwa bila kufunguliwa

Yapata mwaka 600 moto uliteketeza kijiji cha Wayahudi cha En-Gedi, ukingoni mwa Bahari ya Chumvi. Mwaka 1970, wanaakiolojia Dan Barag na Yosef Porath walipochimba sinagogi lake, walikuta ndani ya sanduku la kuhifadhia Torati vipande vya gombo la ngozi vilivyogeuka mkaa. Ukivigusa, vinamong'onyoka.

Wakaviacha vilivyo. Vilikaa akiba zaidi ya miaka 40, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika habari hii. Magombo ya Qumran, yaliyoanza kupatikana mwaka 1947 kaskazini mwa hapo, hayakubahatika hivyo. Katika miaka ya 1950 wasomi wenye haraka waliunganisha vipande vyake kwa selotepu. Gundi ikapenya ngozini na kuitia weusi. Wataalamu wa uhifadhi mjini Jerusalem wametumia miaka mingi kuiondoa, kipande kwa kipande.

Gombo la En-Gedi lilipigwa picha za eksirei zinazoonyesha umbo la ndani tabaka kwa tabaka, kisha data zikatumwa kwa Brent Seales, profesa wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani. Kazi ilikuwa ngumu, maana ngozi ilikuwa imejikunja, ikashikana na kupasuka. Programu yake ilifuata kila mkunjo ulikopita, ikatafuta palipong'aa zaidi, kwa kuwa wino ulikuwa mzito kuliko ngozi iliyoungua, yamkini kwa sababu ya madini yaliyomo. Hatimaye ikaitandaza ngozi yote kwenye skrini, na herufi za Kiebrania zikaonekana.

Kilikuwa kitabu cha Mambo ya Walawi, sura mbili za mwanzo, zinazoeleza sadaka za kuteketezwa na za unga. Matokeo kamili yalichapishwa mwaka 2016. Konsonanti zake ni zile zile za maandishi ya Kimasora, ambayo Wayahudi wanayasoma hadi leo. Kipimo cha kaboni kinalirudisha gombo hilo hadi karne ya 3 au ya 4. Baadhi ya wataalamu wa miandiko wanaliona la kale zaidi. Kwa vyovyote vile, linajaza sehemu ya pengo refu kati ya magombo ya Qumran na nakala za Zama za Kati, na ni ushahidi mzito wa uaminifu wa wanakili.

Seales ameshughulikia pia magombo ya Herculaneum, mji wa Italia uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Huko wino ni wa kaboni, kwa hiyo haung'ai katika eksirei. Ilibidi akili mnemba ifundishwe kuutambua, na mwaka 2023 neno la kwanza likasomeka. Mengi ya magombo hayo yaliharibiwa tangu karne ya 18 na watu waliojaribu kuyafungua kwa visu. Yanayoweza kusomwa mazima leo ni yale ambayo kisu hakikuyafikia.